Johann Ludwig Krapf na Irabu za Ukambani

Wanafunzi wa Kiswahili humjua Krapf kwa kamusi yake. Ukambani wake husahaulika, ilhali ndiko alikokabiliana na tatizo ambalo walimu wa chekechea wa Kitui na Makueni wangali nalo: jinsi ya kutenga irabu fupi na ndefu.

Alizaliwa mwaka 1810 Derendingen, karibu na Tübingen, Ujerumani. Alifika Mombasa mwaka 1844 na, baada ya miezi michache, akawazika mkewe na bintiye mchanga. Mwaka 1849 alipita Kikumbulyu, katika Makueni ya leo, akafika Kitui kwa Kivoi, mkuu wa misafara ya biashara. Tarehe 3 Desemba akauona Mlima Kenya. Aliporudi mwaka 1851, Kivoi aliuawa na wanyang'anyi karibu na mto Tana. Krapf akatangatanga nyikani, maji yake ameyatia katika mitutu ya bunduki.

Kati ya safari hizo, mwaka 1850, tafsiri yake ya Injili ya Marko kwa Kikamba ilichapishwa Tübingen. Krapf alipendelea hati za Kirumi kuliko za Kiarabu. Hati za Kiarabu huonyesha urefu wa irabu, ila aina tatu tu. Za Kirumi zina herufi tano, na Kikamba kina irabu saba, kila moja fupi au ndefu: kũta ni kuuza, kũtaa ni kushauri. Tahajia ya baadaye iliongeza alama juu ya i na u, ikarudufu herufi kuonyesha urefu.

Hata hivyo, mtoto hasikii herufi. Krapf mwenyewe aliiokota lugha kwa sikio. Mwalimu naye awatoe watoto uwanjani, achore mistari miwili mchangani, wa karibu na wa mbali. Akitamka kũta, waruke hadi wa kwanza. Akitamka kũtaa, waruke hadi wa pili huku wakiivuta sauti mpaka miguu iguse chini. Zoezi hili, kwa maoni yangu, lashinda ubao. Tahadhari moja: katika Kiswahili, paa ni silabi mbili, hivyo ni miruko miwili, si mmoja mrefu. Asiyetenganisha hayo atawachanganya watoto katika lugha zote mbili.

Krapf aliondoka Afrika Mashariki mwaka 1853, afya imedhoofika, ingawa hakuacha kazi ya lugha. Alifariki Korntal tarehe 26 Novemba 1881. Kamusi ilitoka mwaka uliofuata.