Peter Henlein na Saa ya Mfukoni: Sifa, Kazi na Neno Lililopotoshwa

Miongoni mwa watu ambao sifa zao zimeutangulia ushahidi, Peter Henlein wa mji wa Nuremberg, Ujerumani, hana budi kutajwa. Kwa muda mrefu vitabu vilimtukuza kuwa mvumbuzi wa saa ya mfukoni. Makala haya yanasimulia maisha yake kwa muhtasari na kubainisha ni sifa ipi anayoistahiki.

Henlein alizaliwa mnamo 1485 hivi, akajifunza ufundi wa makufuli. Siku hizo kazi hiyo ilikuwa jirani na utengenezaji wa saa, kwani zote mbili zilihitaji chuma, tupa na jicho kali. Mwaka wa 1504 alihusishwa na ugomvi uliosababisha kifo cha Georg Glaser, fundi makufuli mwenzake. Alikimbilia nyumba ya watawa Wafransisko mjini humo, akapata hifadhi kwa miaka kadhaa. Hata hivyo, mnamo 1509 alikubaliwa kuwa fundi mkuu katika chama cha mafundi makufuli.

Jina lake lilivuma kutokana na mwanachuoni Johannes Cochlaeus. Katika maelezo yake ya Kilatini yaliyochapishwa mwaka wa 1512, alimsifu fundi huyu, aliyekuwa angali kijana, kwa kuunda saa za chuma zenye magurudumu mengi, zilizoweza kwenda kwa muda wa saa 40 zikiwa kifuani au katika kifuko cha fedha.

Ili kuielewa sifa hiyo, yafaa tuutazame muundo wenyewe. Saa za minarani ziliendeshwa na mawe mazito yaliyoning'inia, hivyo hazikuweza kubebwa. Saa ya kubebwa iliendeshwa na kamani, yaani utepe wa chuma uliokazwa kwa ufunguo. Kamani ilikuwa na ila yake: ikijaa huvuta kwa nguvu, ikilegea huvuta kwa unyonge. Mafundi wa Ujerumani walijaribu kuisawazisha kwa kipande cha chuma kilichopindwa, kilichokandamiza gurudumu lenye umbo lisilo duara kamili. Kipande kingine kilichoyumba huku na huku kiliyazuia magurudumu yasifyatuke, kikayaachilia jino baada ya jino. Saa hizo zilikuwa na akrabu moja tu, ya saa, wala hazikuonyesha dakika. Usahihi wa kutegemewa ulianza kupatikana baada ya 1675, Christiaan Huygens alipotangaza matumizi ya kamani nyembamba ya kusawazisha mwendo.

Je, Henlein ndiye mvumbuzi? La hasha. Kamani ilikwisha kutumiwa katika saa za karne ya 15, kabla ya yeye kushika tupa. Hata lile jina mashuhuri, Mayai ya Nuremberg, ni zao la kosa la lugha. Katika Kijerumani cha zama hizo, neno la kutaja saa ndogo lilikaribiana mno kimatamshi na lile la mayai madogo, likapotoshwa. Saa zenye umbo la yai zilienea baada ya kifo chake. Isitoshe, saa moja iliyohifadhiwa katika jumba la makumbusho mjini Nuremberg, yenye jina lake na mwaka wa 1510, ilichunguzwa upya katika miaka ya 2010, na dai la mwaka huo halikuthibitika.

Kinachosalia si haba. Mnamo 1524 baraza la mji lilimlipa floreni 15 kwa saa iliyotiwa ndani ya tufe la manukato lililopakwa dhahabu. Mwaka wa 1541 aliunda saa ya mnara kwa ajili ya ngome ya Lichtenau. Alifariki mwaka uliofuata, na mnamo 1905 mji wake ulimsimamishia sanamu.

Kwa mwanafunzi wa lugha, funzo liko wazi. Neno moja lililosikika vibaya liliweza kuzaa historia nzima, ilhali fundi mwenyewe hakuhitaji kuongezewa chumvi. Kuipunguza kazi yake tarumbeta si kumdunisha. Ni kumrejeshea heshima aliyoichuma kwa mikono yake.