Padri Mersenne na namba yake kubwa

Zamani, katika nchi ya Ufaransa, aliishi mtawa mmoja jina lake Marin Mersenne. Alizaliwa mwaka 1588 katika kijiji cha Oizé. Wazazi wake hawakuwa matajiri, lakini walimpeleka shuleni. Baadaye alisoma kwa Wajesuiti katika mji wa La Flèche.

Mwaka 1611 aliingia shirika la Waminimi, watawa wasiokula nyama, wala mayai, wala maziwa. Akawa padri, akakaa Paris. Siku zile hapakuwa na magazeti ya elimu. Kwa hiyo Padri Mersenne aliwaandikia barua wataalamu wa nchi nyingi. Alipopata habari mpya kwa mmoja, aliwapasha wengine. Descartes, aliyekaa Uholanzi, na Fermat, aliyekaa Toulouse, waliandikiana naye.

Padri alipenda sana hesabu. Tazameni: namba 15 hugawanyika, maana 3 mara 5 ni 15. Lakini 7 haigawanyiki ila kwa 1 na kwa 7 yenyewe. Namba ya namna hiyo huitwa namba tasa.

Sasa zidisheni 2 mara 2 mara 2, mtapata 8. Toeni 1, inabaki 7, nayo ni tasa. Mkizidisha 2 nne, mtapata 16. Toeni 1, inabaki 15: siyo tasa. Kwa 2 tano inabaki 31: ni tasa tena. Basi Padri alijiuliza: ni 2 ngapi zinazotoa namba tasa?

Mwaka 1644 aliandika jibu lake katika kitabu. Alisema kwamba 2 zikiwa 67, inabaki namba tasa. Namba hiyo ni 147,573,952,589,676,412,927. Nani angeweza kuipima? Padri alikufa mwaka 1648, na watu walilisadiki neno lake muda mrefu.

Mwaka 1876 Mfaransa Lucas alionyesha kwamba namba hiyo hugawanyika, lakini hakujua hugawanyika kwa namba gani. Mwaka 1903 Mmarekani Cole alizipata: ni 193,707,721 mara 761,838,257,287. Basi Padri alikuwa amekosea.

Hata hivyo swali lake lilikuwa jema. Namba tasa za namna hiyo huitwa kwa jina lake mpaka leo. Mwaka 2024 ilipatikana moja yenye tarakimu zaidi ya milioni 41.

Watoto, hata mwenye elimu nyingi aweza kukosea. Jibu la hesabu haliwi kweli kwa sababu ya heshima ya mtu aliyelisema. Lazima lipimwe. Nanyi pimeni hesabu zenu kabla ya kumpa mwalimu daftari.

Maulizo
1. Kwa nini Padri Mersenne aliandika barua nyingi?
2. Lucas alijua nini? Cole aliongeza nini?
3. Zidisheni 2 saba, mtoe 1. Namba mliyopata hugawanyika?