Einstein: Jagina wa sayansi ambaye ubongo wake haukufika motoni

ALBERT Einstein hakutaka kaburi. Mwanasayansi huyo, ambaye jina lake hadi leo hutumiwa kumsifu mtoto anayeng'ara darasani, alitaka mwili wake uteketezwe na majivu yatawanywe kwa siri, pasiwe na mahali ambapo watu wangekwenda kumwabudu.

Alipofariki usiku wa kuamkia tarehe 18 Aprili 1955 katika hospitali ya Princeton, Marekani, akiwa na umri wa miaka 76, maiti yake iliteketezwa siku iyo hiyo. Hata hivyo, kabla ya hapo daktari wa zamu aliyeichunguza maiti, Thomas Harvey, alikuwa ameutoa ubongo na kuuweka kando, bila ya kuiomba familia ruhusa.

Einstein alizaliwa tarehe 14 Machi 1879 mjini Ulm, Ujerumani, katika familia ya Kiyahudi. Baada ya kufuzu mjini Zurich, Uswisi, mnamo 1900, alikosa kazi ya kufundisha chuoni, na ikambidi aridhike na ukarani katika ofisi ya hataza mjini Bern. Ni akiwa karani huyo, mwaka wa 1905, alipochapisha makala yaliyobadilisha fikra za walimwengu kuhusu mwanga, wakati na maada.

Mnamo 1915 alikamilisha nadharia yake ya jumla ya uhusianifu. Miaka minne baadaye, Waingereza walilipiga picha jua lililopatwa, wakiwa Brazil na katika kisiwa cha Príncipe, karibu na pwani ya Afrika Magharibi. Picha hizo zilionyesha kuwa mwanga wa nyota hupinda upitapo kando ya jua, kama alivyokuwa amebashiri. Karani wa jana akawa gumzo la dunia. Alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Fizikia ya mwaka wa 1921, na Hitler alipotwaa mamlaka mwaka wa 1933, Einstein aliipa Ujerumani kisogo na kuhamia Princeton.

Mshipa mkubwa wa damu tumboni mwake ulipopasuka mwaka wa 1955, alikataa kupasuliwa. Alitaka kufa bila ya maisha yake kurefushwa kwa nguvu.

Harvey aliupima ubongo huo na kupata gramu 1,230, chini kidogo ya wastani wa mwanamume. Kwa wanaodhani kuwa akili hupimwa kwa mizani, hilo ni jibu tosha. Aliupiga picha, akaukata vipande vipatavyo 240, na vingine vikachanwa vyembamba mno vya kutazamwa kwa hadubini. Mwana wa marehemu, Hans Albert, alipoarifiwa alikubali shingo upande, kwa sharti kuwa ubongo utumiwe kwa utafiti wa kisayansi pekee.

Lakini Harvey hakuwa bingwa wa ubongo. Alipoacha kazi hospitalini aliondoka na mitungi yake, na kwa miaka mingi mtafiti aliyetaka kipande hakuwa na mlango wa kubisha ila wa mtu mmoja. Mwanahabari aliyemsaka mwaka wa 1978 alimpata mjini Wichita, Kansas, na vipande hivyo vikiwa kwenye mitungi ndani ya sanduku la kadibodi.

Mnamo 1985 Marian Diamond wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, aliyekuwa ametumiwa vipande vinne, alitangaza kuwa sehemu moja ilikuwa na seli nyingi zaidi za kuhudumia neva. Wakosoaji walihoji: Einstein ni mmoja tu, na alilinganishwa na wanaume 11 pekee.

Hapo ndipo lilipokuwa tatizo. Ubongo wa mtu mashuhuri ukiwa peke yake ni bubu. Sharti uwekwe kando ya bongo za watu wa kawaida. Sandra Witelson wa Chuo Kikuu cha McMaster, Canada, alikuwa nazo. Wagonjwa wa saratani walikuwa wamekubali kupimwa uwezo wa akili wangali hai, na kuacha bongo zao kwa sayansi. Mnamo 1999, akitumia picha na vipimo vya Harvey, alieleza kuwa eneo la pembeni la ubongo wa Einstein lilizidi kwa upana yale ya wanaume 35 kwa takriban asilimia 15. Matokeo hayo nayo bado yanabishaniwa. Walakini ulinganishi wenyewe uliwezekana kwa hisani ya watu wasiojulikana, walioombwa wakaridhia.

Harvey alirejesha vipande vilivyosalia katika hospitali ya Princeton mnamo 1998, na akafariki mwaka wa 2007. Tangu 2011, vipande vingine vyembamba vimekuwa vikionyeshwa kwa umma katika makavazi ya Mütter mjini Philadelphia. Hans Albert, aliyeweka sharti la utafiti, alifariki mwaka wa 1973, miaka 12 kabla ya matokeo ya Diamond kuchapishwa.