Gregory Maloba: Mwana wa Mumias Aliyeuchonga Uhuru

Mtu akishika noti ya Uganda ataona humo mchoro mdogo wa sanamu: mtu mzima aliyeviringishwa mwilini, akimwinua juu mtoto aliyenyosha mikono. Wengi huitumia noti hiyo sokoni kila siku. Wachache wanajua kwamba sanamu hiyo ilibuniwa na mwana wa Kakamega.

Marehemu Gregory Maloba alizaliwa mwaka 1922 huko Mumias, makao ya Nabongo Mumia wa Wanga. Siku hizo kijana aliyesoma alitazamiwa awe karani, mwalimu au mganga. Kuchonga sanamu hakukuhesabiwa kuwa kazi ya msomi.

Hata hivyo Maloba alikwenda Makerere, ambako Bibi Margaret Trowell alikuwa ameanzisha mafunzo ya sanaa mwishoni mwa miaka ya 1930. Mwalimu huyo hakutaka wanafunzi wake waige tu Wazungu. Alitaka watafute mambo yao wenyewe. Mwaka 1941, akiwa bado kijana, Maloba alichonga katika mti sanamu aliyoiita Kifo. Kifo hakina sura ambayo mchongaji anaweza kuiiga. Ilimbidi aipate moyoni. Baadaye alikwenda Uingereza kuongeza elimu, kisha akarudi Makerere kufundisha.

Uganda ilipokaribia kujitawala, tarehe 9 Oktoba 1962, Maloba ndiye aliyetengeneza mnara wa ukumbusho. Jambo hilo lilikuwa gumu, kwa maana uhuru nao hauna uso. Angeweza kumchonga kiongozi fulani, na watu wangefurahi. Hakufanya hivyo. Alitengeneza mwili usio wa mtu yeyote: viungo vinene, sura isiyo na kabila, vifungo vya utawala wa kigeni vikiwa bado vimeuzunguka, na juu yake taifa changa. Mnara huo una urefu wa mita 6 hivi.

Tangu hapo viongozi wengi wamepanda na kushuka Uganda, na picha zao zimetundikwa na kutunguliwa. Sanamu ya Maloba haikuwa na sababu ya kutunguliwa, kwani haikuwa ya mtu mmoja.

Kutoka Makerere alirudi Kenya, akaongoza idara ya ubunifu katika Chuo Kikuu cha Nairobi. Alifariki mwaka 2007. Kazi yake iliyo kubwa kuliko zote iko ng'ambo ya mpaka. Lakini chimbuko lake ni Mumias, na watoto wa Kakamega wana haki ya kulijua jina lake.