Paul Robeson: Mwanariadha, Mwimbaji na Mtetezi wa Wanyonge

Hivi karibuni nilialikwa katika sherehe ya shule moja ya sekondari hapa kwetu pwani. Wanafunzi wa zamani walikuwa wakitunukiwa kwa mambo matatu: kazi walizozifanya maishani, michezo waliyoichezea shule, na utumishi wao kwa jamii. Wazee kwa vijana walipanda jukwaani, mmoja kwa kazi yake, mwingine kwa mbio zake, wa tatu kwa kisima alichowachimbia watu wa mtaani kwao. Nami pale nilipoketi, fikira zikanichukua mbali, kwa mtu mmoja aliyeyakusanya yote matatu peke yake. Hakuzaliwa kwetu, lakini alikitafuta Kiswahili chetu kabla wengi wetu hatujazaliwa.

Nilimjua kwanza kwa sauti. Utotoni mwangu jirani yetu mmoja katika Mji wa Kale, Mombasa, alikuwa na gramafoni na santuri kuukuu. Katikati ya santuri za taarabu palikuwa na moja ya Kiingereza, na kila nilipopita nikitoka chuoni, ubao kwapani, nilisimama dirishani kuisikiliza. Kiingereza sikukijua bado. Nilichokisikia ni sauti nzito, pana, iliyotulia, kama bahari ya kusi inaposukuma mwambani. Jirani akaniambia kwamba yule ni Paul Robeson, mtu mweusi wa Marekani, mwana wa mtumwa.

Na kweli alikuwa mwana wa mtumwa. Baba yake, William Drew Robeson, alizaliwa utumwani North Carolina, akatoroka mwaka 1860 akiwa na umri wa miaka 15. Alisoma hadi chuo kikuu akawa kasisi katika mji wa Princeton, jimbo la New Jersey, na huko ndiko Paul alikozaliwa tarehe 9 Aprili, 1898. Mwaka 1901 baba akaondolewa kanisani mwake. Mwaka 1904 mama, ambaye macho yake yalikuwa yamefifia sana, akaunguzwa na moto wa jiko la nyumbani, akafariki. Paul hakuwa ametimiza miaka 6. Yule kasisi msomi akawa anaendesha gari la farasi na kuzoa majivu ya majumbani mwa watu ili wanawe wale.

Mwaka 1910 wakahamia Somerville, mji mdogo wa jimbo hilo hilo. Paul akaingia shule ya sekondari ya mji ule, ambamo weusi walikuwa wa kuhesabika. Humo alicheza mpira wa Kimarekani, ule unaobebwa mikononi zaidi ya kupigwa kwa miguu. Alicheza na mpira wa kikapu na besiboli, akakimbia mbio, akaimba katika kwaya ya shule, na kwa mara ya kwanza akaigiza Othello. Mwalimu mkuu, kwa maelezo ya Robeson mwenyewe, hakumpenda, na kila alipong'ara ndivyo alivyozidi kuchukiwa. Walimu wengine walimpenda na kumsaidia.

Lakini mwalimu wake hasa alikuwa baba yake. Kila jioni mtoto husimama mbele ya mzee akasoma masomo yake kwa sauti, naye mzee humsahihisha neno kwa neno, tamko kwa tamko. Sisi tuliokalishwa mikekani mbele ya maalimu tunayajua hayo. Unatamka herufi, unarudishwa. Unatamka tena, unarudishwa tena, mpaka herufi itoke pale inapostahili kutoka. Alama 95 alipozileta Paul, baba alimuuliza zile 5 zimekwenda wapi.

Katika mwaka wake wa mwisho shuleni alisikia habari za mtihani wa kugombea ufadhili wa miaka 4 katika Chuo cha Rutgers. Wenziwe walikuwa wamekwisha kufanya mtihani wa masomo ya miaka ya mwanzo, wamebakiwa na ya mwaka wa mwisho tu. Yeye hakuwa amepata habari mapema, kwa hiyo ilimlazimu ajibu masomo ya miaka yote minne kwa muda ule ule waliopewa wenzake. Akawashinda wote. Mwaka 1915 akaingia Rutgers, chuo kilichoasisiwa mwaka 1766, naye akiwa mwanafunzi wa 3 tu mweusi tangu kuanza kwake.

Siku ya kwanza ya mazoezi ya mpira, wachezaji weupe walimvunja pua na kumteguza bega. Aliporejea uwanjani baada ya kuuguza majeraha, mmoja akamkanyaga mkono kwa kiatu cha njumu akamng'oa kucha. Hasira ikampanda Paul, akamnyanyua mchezaji mmoja juu ya kichwa chake, tayari kumbwaga. Mkufunzi akapiga kelele kwamba Robeson amekubaliwa katika timu. Hata hivyo mwaka 1916, timu moja kutoka kusini ilipokataa kucheza na mtu mweusi, chuo kikamweka nje. Miaka ya 1917 na 1918 akatajwa miongoni mwa wachezaji bora wa Marekani nzima. Baba yake alifariki mwaka 1918, na siku tatu baadaye Paul akasimama katika shindano la ufasaha wa kusema, kwa kuwa mzee alitaka ashiriki. Akashinda. Mwaka 1919 alihitimu akiwa ndiye aliyechaguliwa kutoa hotuba ya kuaga kwa niaba ya wenzake.

Akasomea sheria Columbia, New York, na mwisho wa juma akicheza mpira wa kulipwa ili apate karo. Alihitimu mwaka 1923, akaajiriwa katika ofisi ya mawakili. Karani mmoja mweupe akakataa kuandika maneno anayosomewa na mtu mweusi. Robeson akachukua kofia yake akatoka, na uwakili ukaishia hapo.

Ndipo akaingia katika uigizaji na uimbaji. Mwezi wa Aprili, 1925, yeye na mpiga piano wake, Lawrence Brown, walifanya onyesho zima la nyimbo za weusi peke yake, nyimbo za huzuni na matumaini walizozitunga watumwa mashambani. Mwaka 1930 aliigiza Othello mjini London. Mwaka 1943 akaigiza tena New York, akiwa mtu mweusi wa kwanza kushika nafasi hiyo Broadway akizungukwa na waigizaji weupe, na mchezo ukaonyeshwa mara 296. Othello ni jemadari mwenye asili ya Maghribi anayewatumikia watu wa Venice. Wanauhitaji upanga wake, lakini hawamkubali kuwa mkwe. Nadhani Robeson hakuhitaji kuelezwa maana ya mchezo ule.

Msomaji wa pwani atataka kujua Kiswahili kiliingilia wapi. Miaka ya 1930 Robeson akikaa London, alijiandikisha katika Chuo cha Lugha za Mashariki akajifunza lugha za Afrika, Kiswahili kikiwamo. Wakati ule weusi wengi wa Marekani walikuwa wamefundishwa kuionea haya Afrika. Yeye aliandika waziwazi kwamba anataka kuwa Mwafrika. Katika filamu moja iliyotoka mwaka 1935 aliigiza mtemi wa Kiafrika, na miongoni mwa waliopewa nafasi ndogo ndogo alikuwamo Jomo Kenyatta, wakati huo akiishi Uingereza. Filamu ilipotoka, Robeson aliona kwamba imegeuzwa kuwa sifa kwa ukoloni, akaijutia.

Tangu hapo aliichukua sauti yake kuwatumikia watu. Aliwaimbia wachimba makaa ya mawe wa Wales, akawaimbia wapiganaji nchini Uhispania mwaka 1938. Aliongoza Baraza la Mambo ya Afrika lililodai uhuru wa makoloni na kuwachangia chakula wenye njaa wa Afrika Kusini. Mwaka 1946 alikwenda kwa Rais Truman kudai sheria ya kuzuia weusi kuuawa na makundi ya watu.

Hayo yalimgharimu. Mwaka 1949 magenge yalivamia maonyesho yake huko Peekskill na kuwapiga watu mawe. Mwaka 1950 serikali ikamnyang'anya pasi ya kusafiria. Milango ya kumbi ikafungwa, pato lake likaanguka, na hata jina lake likafutwa katika orodha za wachezaji bora wa 1917 na 1918. Mwaka 1957 aliwaimbia watu wa Wales kwa simu ya chini ya bahari kutoka New York, maana mwili ulizuiwa ila sauti haikuzuilika. Pasi alirudishiwa mwaka 1958.

Sitakuwa mkweli nikimsifu tu. Robeson aliipenda Urusi ya Stalin kwa kuwa huko alitendewa kama binadamu, na mapenzi yale yakamfumba mdomo. Mwaka 1949 mjini Moscow alionana na rafiki yake, Itzik Feffer, mshairi wa Kiyahudi aliyekuwa mfungwa, akajua kuna dhuluma. Huko huko Moscow aliimba wimbo wa Kiyahudi jukwaani kwa heshima ya rafiki zake, lakini aliporudi kwao hakuisema dhuluma ile. Feffer akauawa mwaka 1952. Mtu aliyepaza sauti kwa wanyonge wa nchi nyingi aliwanyamazia wale. Sisi washairi hatuna budi kulisema hilo.

Miaka ya mwisho ilikuwa ya maradhi. Mke wake, Eslanda, alifariki mwaka 1965, naye akaenda kukaa kwa dada yake huko Philadelphia. Akafa tarehe 23 Januari, 1976. Jumba la heshima la wachezaji wa vyuo vikuu vya Marekani halikumwingiza mpaka mwaka 1995, miaka 77 tangu msimu wake wa mwisho uwanjani.

Nilipokuwa nikiwatazama wale wanafunzi wa zamani wakipokea vikombe vyao, nilijiuliza: yuko wapi yule ambaye hakualikwa? Labda ni mmoja aliyesema neno zito wakubwa wakachukia, na jina lake likafutwa kimya kimya. Wenye kuandaa sherehe kama hizi wamtafute angali hai. Na vijana wetu wanaoona haya kusema Kiswahili mbele ya wageni wakumbuke kwamba bingwa huyu, mwenye shahada na sifa zote, alikaa kitako London akajifunza lugha ambayo wao wameipata bure maziwani mwa mama zao.