Mwami Mutara Rudahigwa na Haki ya Watu Wake

Wapenzi wakatekumeni, mfalme akibatizwa hubaki mfalme, tena hubaki mtu. Ubatizo humwosha dhambi, lakini kazi ya kutenda haki imo mikononi mwake kila siku. Hayo twayaona katika maisha ya Mwami Mutara wa Tatu Rudahigwa wa Rwanda, ambaye utawala wake uliacha alama hata huku kwetu Masisi.

Rudahigwa alizaliwa mwaka 1911, mwana wa Mwami Yuhi Musinga. Katika Rwanda ya zamani mwami alikuwa juu ya yote: ardhi, ng'ombe na watu vilihesabiwa kuwa vyake. Wabelgiji walipokuja waliuacha ufalme usimame, lakini walijiweka juu yake. Musinga hakupenda kuongozwa nao, wala hakutaka kubatizwa. Mwezi wa Novemba 1931 wakamwondoa, wakamtawaza Rudahigwa, kijana wa miaka 20. Musinga alifia uhamishoni Kongo mwaka 1944.

Tangu mwaka 1926 Wabelgiji walikuwa wamekwisha kugeuza utawala. Zamani, mahali pengi palikuwa na wakubwa watatu: mmoja wa mashamba, mmoja wa malisho, mmoja wa majeshi. Aliyeonewa na mmoja aliweza kumkimbilia mwingine. Basi wakaweka chifu mmoja tu, na maskini akakosa pa kukimbilia. Tena machifu hao walichaguliwa karibu wote katika Watutsi, walio wachache, na Wahutu, walio wengi, wakawekwa kando. Mwaka 1959, katika machifu 45, Watutsi walikuwa 43. Na katika machifu wadogo 559, walikuwa 549. Watwa, walio wachache kuliko wote, walidharauliwa na wote.

Tarehe 17 Oktoba 1943 Mwami alibatizwa pamoja na mama yake, akaitwa Charles Léon Pierre. Mwaka 1946 aliiweka nchi yake chini ya Kristu Mfalme. Siku zile za ubatizo wake njaa kali, iliyoitwa Ruzagayura, iliwaua watu wengi sana, na wengi wakavuka mpaka kutafuta chakula.

Lakini kuhamia Masisi kulikuwa kumeanza mbele ya njaa hiyo. Tangu mwaka 1937 serikali ya Wabelgiji iliwaleta Wanyarwanda kwa maelfu katika milima ya Gishari, kwa kuwa Rwanda ilijaa watu, na mashamba ya Wazungu huku yalihitaji wafanyakazi. Nchi hiyo ilikuwa ya Wahunde. Waliopatana ni wakubwa. Mlimaji wa Kihunde hakuketi katika baraza lile, wala mhamiaji wa Kinyarwanda hakuketi. Gishari ikafanywa uchifu wa peke yake, chini ya chifu aliyetoka Rwanda. Mwaka 1957 uchifu huo ukafutwa. Mwenyeji aliona amenyang'anywa ardhi. Mgeni aliona amenyang'anywa mkubwa wake. Ugomvi uliozaliwa hapo umewaliza watoto na wajukuu wa pande zote mbili.

Huko Rwanda Mwami alitenda jambo kubwa. Kulikuwa na desturi ya ubuhake: mtu alipewa ng'ombe na tajiri, akamtumikia miaka na miaka, na ng'ombe hakuwa wake kamwe. Mwaka 1954 Mwami akaifuta desturi hiyo, na ng'ombe wakagawanywa kati ya bwana na mtumishi. Wengi walishangilia. Lakini malisho hayakugawanywa, yakabaki kwa wakubwa. Mtu aliye na ng'ombe bila majani atafanya nini? Atarudi kwa bwana wake wa jana na kupiga magoti.

Mwaka 1957 Wahutu tisa waliosoma waliandika hati, wakidai sehemu yao katika utawala na katika shule. Mwaka 1958 shauri likaletwa mbele ya Baraza Kuu la nchi. Mwami na Baraza wakaamua kwamba hakuna shida kati ya Wahutu na Watutsi, na majina hayo yafutwe katika karatasi za serikali. Labda alitaka kuwaunganisha watu wake. Lakini kufuta jina la ugonjwa hakumponyi mgonjwa.

Tarehe 25 Julai 1959 Mwami alifariki ghafula huko Usumbura. Mwezi wa Novemba mwaka ule ule nyumba zilichomwa, watu wakauawa, na Watutsi wengi wakakimbilia Kongo, Uganda na Urundi. Waliokuwa wachache na wenye nguvu wakawa wachache wasio na ulinzi. Mwaka 1961 ufalme ukaondolewa. Mjane wake, Malkia Rosalie Gicanda, aliishi kwa utulivu katika mji wa Butare hata mwaka 1994, alipouawa katika mauaji ya Watutsi.

Wapenzi, Mwami huyu hakuwa mtu mbaya. Alivunja kamba moja ya utumwa, akaiacha ya pili. Alisikia kilio kimoja, akaufunga mlango mbele ya kingine. Nasi katika Masisi na Walikale tu Wahunde, Wanyanga, Wakumu, Wahutu, Watutsi na Wambuti. Siku mtu wa kabila dogo atakapoleta shitaka lake barazani, asiulizwe kwanza baba yake alitoka wapi. Apewe kiti, asikilizwe mpaka mwisho, ndipo ihukumiwe haki. Mkristu aliyepewa cheo, hata kama ni cha nyumba kumi tu, ataulizwa na Mungu juu ya hayo.