Charles Goodyear: Aliyeupika Mpira Akafa na Madeni

Atakaye kufufua gari kuukuu, liwe Morris Minor, Volkswagen au Peugeot 404, aghalabu hushughulikia injini kwanza, kisha bodi, kisha rangi. Mipira ya milango na vioo huiacha mwisho, kana kwamba ni pambo tu. Ilhali pasipo mipira hiyo mvua huingia ndani, maji yakatuama chini ya mazulia, na kutu ikaanza kuila bodi upya kwa siri. Muda si muda gharama yote huwa imekwenda arijojo.

Leo nataka kusimulia maisha ya mtu aliyeiwezesha mipira hiyo kuwapo, naye ni Charles Goodyear wa Marekani. Jina lake tumelizoea kwa kuliona limeandikwa kwenye magurudumu. Lakini wachache wajuao kwamba kampuni yenye jina hilo iliundwa huko Akron, Ohio, mwaka 1898, yeye akiwa kaburini kwa miaka 38, na kwamba waliolichukua jina walilichukua kwa kumuenzi tu. Yeye mwenyewe hakuwahi hata kuiona motokaa.

Alizaliwa tarehe 29 Desemba 1800 mjini New Haven, katika jimbo la Connecticut. Babake, Bwana Amasa Goodyear, alikuwa mtengenezaji wa vifungo na zana za shamba, na kijana akafuata nyayo zake. Mwaka 1824 alimuoa Bi. Clarissa Beecher, na miaka miwili baadaye akafungua duka la vyombo vya chuma mjini Philadelphia. Ilipofika mwaka 1830 duka lilikuwa limefilisika. Siku zile sheria iliwaruhusu wawia kumtia jela mdeni wao, na bwana huyu akaanza kuzijua kuta za jela. Hakujua kwamba angezizoea.

Mwaka 1834 alikwenda New York, akaingia katika duka la kampuni moja ya bidhaa za mpira. Akaona mkoba wa kujiokolea baharini, akaona kwamba kizibo chake cha kujazia hewa ni kibovu, akaenda kutengeneza kilicho bora. Aliporudi nacho aliambiwa kwamba taabu ya kampuni haikuwa kizibo, ni mpira wenyewe. Bidhaa zilizouzwa zilikuwa zikiyeyuka katika joto na kutoa uvundo, na wateja walikuwa wakizirudisha kwa wingi.

Hapa yafaa nieleze kidogo. Utomvu wa mpira ukikauka huwa na tabia mbili mbaya: katika joto hunata kama gundi, na katika baridi hukakamaa ukavunjika. Nasi huku pwani tuliujua utomvu huo. Katika karne ile ya 19 watu wa bara ya pwani yetu waliugema kutoka kwa mimea itambaayo porini, ukapelekwa Unguja na kusafirishwa ng'ambo, na mmoja wa mimea hiyo wataalamu waliupa jina la John Kirk, balozi wa Kiingereza aliyekaa Unguja. Lugha yetu yenyewe ina neno moja tu, mpira, kwa mti, kwa utomvu wake, na kwa kile wanachokipiga watoto uwanjani.

Basi Goodyear akajiapiza kuitafuta dawa ya mpira. Hakuwa mwanakemia, wala hakuwa na maabara. Majaribio ya kwanza aliyafanya akiwa jela, na mengine jikoni mwa mkewe, akiukanda mpira kwa kijiti cha kusukumia unga. Aliuchanganya na magnesia, akauchanganya na chokaa, akautia tindikali. Kila mara alidhani amefaulu, na kila mara joto lilimsuta. Mwaka 1837 alipata kazi ya kuishonea posta ya Marekani mifuko 150 ya barua. Akaimaliza kwa fahari, lakini mifuko ikayeyuka ghalani kabla ya kufika mikononi mwa waliyoiagiza.

Nyumbani hali ilikuwa taabani. Vyombo vya nyumba vilikwenda rehani, vitabu vya shule vya watoto vikauzwa, na jamaa ikala kwa hisani ya majirani. Katika miaka hiyo ya dhiki Bi. Clarissa alizika watoto zaidi ya mmoja.

Mtu mmoja aitwaye Nathaniel Hayward alikuwa amegundua kwamba mpira ukipakwa salfa, yaani kibiriti upele, na kuanikwa juani, uso wake huacha kunata. Goodyear akainunua haki ya ugunduzi huo. Kisha, mwaka 1839, akiwa mji wa Woburn katika jimbo la Massachusetts, kipande cha mpira uliochanganywa na salfa kiliguswa na jiko lenye moto. Kwa desturi kingeyeyuka, lakini kiliungua kama ngozi, na kandokando ya pale palipoungua palibaki sehemu iliyo nyumbufu na kavu, isiyonata. Wengi wameita jambo hilo bahati. Mimi siiti bahati peke yake, kwani vipande vingi vimeanguka kwenye majiko ya watu na hakuna aliyevitazama mara ya pili. Ilimchukua miaka mingine kadhaa kujua kipimo: salfa kiasi gani, moto kiasi gani, kwa muda gani. Mwishowe aliona kwamba mvuke wenye joto la nyuzi 130 hivi za Selsiasi, kwa muda wa saa 4 hadi 6, ndio ufaao. Wataalamu wa baadaye walieleza kwamba salfa huzifunga nyuzi ndefu za mpira, huu na huu, kama fundi wa jarife afungavyo macho ya wavu. Ndiyo maana ukivutwa hurudi.

Kurudi huko ndiko siri ya mpira wa mlango wa gari. Mlango ukifungwa, mpira hubonyea. Nao kwa kuwa hutaka kurudi, hulisukuma bati na kuziba kila upenyo. Nimekaa na mafundi wa Mombasa wakiifanya kazi hii, na wajuao huifanya kwa taratibu. Kwanza hukwangua gundi kuukuu na kutu yote, hupaka rangi na kuiacha ikauke barabara. Pili, huuweka mpira mahali pake pasipo gundi, wakaona kama umbo lake linalingana na mlango ule. Tatu, hawauvuti hata kidogo. Aliyeuvuta ili utoshe, kesho utajikunja na kuacha pengo pembeni. Wao huusukuma kwa ndani kidogo kidogo, huukata ukiwa umezidi kidogo, na maungio huyaweka chini, pasipoingia mvua kwa urahisi. Kwa kioo cha mbele hutia kamba nyembamba katika mfuo wa mpira, hupaka maji ya sabuni, kisha mmoja hukisukuma kioo kwa nje na mwenziwe huivuta kamba kwa ndani, mdomo wa mpira ukapanda juu ya bati. Mlango ukawa mgumu kufunga siku za kwanza, wasiulaumu. Mpira mpya huhitaji siku kadhaa kuzoea.

Lakini fundi hodari hawezi kuutengeneza mpira usiopikwa sawasawa. Niliwahi kuuziwa mipira mipya ya milango, mizuri kwa macho. Kaskazi haikwisha ila ilikuwa inanata kwenye nguo za abiria. Hiyo ni balaa ile ile aliyoikuta Goodyear dukani mwaka 1834.

Hati ya kulinda ugunduzi wake aliipata Marekani tarehe 15 Juni 1844. Uingereza alikuwa amekwisha kuchelewa. Vipande vyake vya mfano vilimfikia Thomas Hancock wa London, naye akafanya majaribio yake na kupeleka maombi ya hati majuma machache kabla ya Goodyear. Kwao Marekani watu waliuiba ugunduzi hadharani. Mwaka 1852 alimshinda Horace Day mahakamani, akitetewa na Daniel Webster, wakili mashuhuri aliyelipwa ujira mkubwa mno. Haki ilithibitika, lakini mfuko haukujaa.

Fauka ya hayo, fedha alizopata hakuziweka. Katika maonyesho ya London ya mwaka 1851 alijenga ukumbi wenye samani na mapambo ya mpira mtupu, na katika yale ya Paris ya mwaka 1855 akatumia zaidi. Bi. Clarissa alifariki mwaka 1853. Huko Ufaransa hati yake ilibatilishwa, malipo yakakatika, na mwezi wa Desemba 1855 akafungwa jela ya Clichy kwa madeni. Akiwa humo ndipo alipopelekewa nishani ya heshima ya Mfalme Napoleon wa Tatu.

Alifariki New York tarehe 1 Julai 1860, akiwa safarini kwenda kumuona binti yake mgonjwa. Madeni aliyoyaacha yalikaribia dola 200,000.

Watu humtaja Goodyear kama mfano wa subira, na ni kweli alisubiri. Lakini sisi tuliosoma vyuoni tumefunzwa kwamba maiti huulizwa madeni yake kabla ya kuzikwa, na kwamba mirathi haigawanywi mpaka wawia wamelipwa. Kwa kipimo hicho siwezi kumsifu moja kwa moja. Njaa aliyoistahimili yeye aliichagua. Watoto wake hawakuchagua. Wala siwezi kumlaumu moja kwa moja, kwani hakuna nyumba wala chombo leo kisichokuwa na kipande cha jasho lake. Hukumu yake iko kwa Mola wake. Sisi tuiandike hesabu yote, faida na hasara, na tusiwasimulie vijana wetu nusu yake. Nawe unayefufua gari la marehemu babako, utakapoubana mpira ule pembeni mwa mlango, mkumbuke pia Bi. Clarissa, ambaye jiko lake ndilo lililokuwa karakana.